Kugawa matokeo kwa kurasa pale databesi haina LIMIT

Wadau mnaoanza kazi, wengi mmejifunzia kwenye MySQL au PostgreSQL, kwa hiyo kuandika LIMIT 20 OFFSET 40 (ruka rekodi 40, leta 20 zinazofuata) mnaona ni kitu cha kawaida tu. Sasa subiri ukabidhiwe mfumo wa zamani unaotumia Oracle 11g au SQL Server 2000 au faili la Access ambalo hakuna anayejua nani alilianzisha, unaandika LIMIT inakurushia erori, unahangaika weee, mwisho unafanya kile ambacho karibu kila mgeni anafanya: unavuta tebo nzima unaileta kwenye programu alafu unakata vipande huko. Kwenye data za majaribio inapiga kazi vizuri kabisa, rekodi 200 hazimsumbui mtu. Ikifika kwenye data halisi memori ya seva inajaa, maana kila anayebonyeza "ukurasa unaofuata" anavuta rekodi laki kadhaa ili aone 20.

Kabla hujaandika chochote angalia toleo. Oracle kuanzia 12c wana FETCH FIRST (inafanya kazi ile ile ya LIMIT) na OFFSET, SQL Server wameweka OFFSET FETCH kwenye toleo la 2012, DB2 wana FETCH FIRST zamani tu. FETCH FIRST imo hadi kwenye kiwango cha SQL cha 2008, kwa hiyo yawezekana unalia bure na kitu kipo, jina tu ndo tofauti.

Kama kweli hamna, jambo la kwanza ni mpangilio, na hapa ndo naomba mnisikilize. Databesi haikuahidi mpangilio wowote kama hujaandika ORDER BY, hata kama leo unaona zinakuja kwa namba vizuri, kesho indeksi ikibadilika zinakuja shaghalabaghala. Na ORDER BY tarehe peke yake haitoshi, kwa sababu malipo kumi yanaweza kuwa na tarehe moja na databesi iko huru kuyapanga inavyotaka kila ikiulizwa, unakuta rekodi moja imetokea ukurasa wa 2 na wa 3 na nyingine haionekani popote. Siku zote malizia na kolamu isiyojirudia: ORDER BY tarehe DESC, id DESC. Mteja akisema "kuna malipo yangu siyaoni kwenye orodha ya mfumo" anzia kuangalia hapo kabla hujaanza kulaumu netiweki.

Tuje Oracle ya zamani. Kuna ROWNUM, namba ya mfululizo ambayo Oracle inaipa kila rekodi ya matokeo, na ina mitego miwili. Wa kwanza, namba inagawiwa rekodi zinapopita kwenye WHERE, kabla ya kupangwa, kwa hiyo ukiandika WHERE ROWNUM <= 20 ORDER BY tarehe unapata 20 zozote alafu ndo zinapangwa. Wa pili unachekesha kidogo: WHERE ROWNUM > 20 hairudishi kitu milele, kwa sababu rekodi ya kwanza inapewa 1, inakataliwa, inayofuata nayo inapewa 1, inakataliwa, hivyo hivyo mpaka mwisho. Dawa ni kufunga kweri (ombi la SELECT) ndani ya kweri mara mbili:

SELECT * FROM (
  SELECT t.*, ROWNUM rn FROM (
    SELECT * FROM malipo ORDER BY tarehe DESC, id DESC
  ) t WHERE ROWNUM <= 60
) WHERE rn > 40

Ya ndani kabisa inapanga, ya kati inakata juu, ya nje inakata chini. Vichujio vyako vyote (mteja fulani, mwezi fulani) viweke ya ndani kabisa, ukiviweka nje unakuwa umechuja baada ya kukata, na ukurasa unaweza kutoka na rekodi 3 badala ya 20.

SQL Server 2005 na kuendelea una ROW_NUMBER() OVER (ORDER BY ...), inayozipa rekodi namba kwa mpangilio unaoutaka, unaifunga kwenye kweri ya ndani, nje unaandika BETWEEN 41 AND 60, basi. Wa 2000 na Access mna TOP peke yake (inaleta za mwanzo tu, haiwezi kuruka), na kuna ujanja wa kugeuza utauona sehemu nyingi: chukua TOP 60 kwa kupanda, ndani ya hizo chukua TOP 20 kwa kushuka, alafu geuza tena zikae sawa. Unafanya kazi ila ukurasa wa mwisho unadanganya. Tebo ikiwa na rekodi 50, ukiomba ukurasa wa 3 unapata ya 31 mpaka 50, yaani nusu yake mtu kashaiona ukurasa wa 2. Lazima ujue jumla na ukokotoe mwenyewe kuwa zimebaki 10. Alafu Access nayo TOP 20 inaweza kukupa 23 kama kuna zilizofungana mwishoni, hiyo tena ni kazi ya ile id niliyosema.

Kuna na hii ya kuhesabu: WHERE (SELECT COUNT(*) FROM wateja b WHERE b.id <= a.id) BETWEEN 41 AND 60, a ikiwa ni tebo hiyo hiyo ya wateja kwenye kweri ya nje. Inakubali karibu databesi yoyote na kimaandishi inapendeza, lakini kwa kila rekodi inahesabu zote zilizo chini yake, tebo ya rekodi 100,000 inaweza kufika hesabu kama bilioni 5. Mimi binafsi siitumii zaidi ya kwenye tebo ndogo.

Ninayoipenda, na ningekuwa naanza leo ningeijua hii kabla ya zote, ni kusahau namba za kurasa na kukumbuka ulipoishia. Ukurasa wa kwanza umeishia id 5120? Unaofuata ni WHERE id < 5120 ORDER BY id DESC, unasoma 20 unafunga. Kwa tarehe na id pamoja, :t na :id zikiwa za rekodi ya mwisho uliyoonyesha:

WHERE tarehe < :t OR (tarehe = :t AND id < :id)

Ukiwa na indeksi ya kolamu hizo mbili inaweza kuruka moja kwa moja mahali pake, ukurasa wa 500 unaweza kuwa mwepesi karibu sawa na wa kwanza, wakati OFFSET hata pale ilipo inabidi ipite juu ya zote unazoruka. Na mtu akiingiza rekodi mpya juu wakati wewe uko katikati, hakuna kinachosogea. Ubaya wake, huwezi kumrusha mtu ukurasa wa 37 moja kwa moja, na kama tarehe inaruhusu NULL (kuachwa tupu) utazikosa hizo kimyakimya, kwa hiyo ziwekee thamani au zishughulikie pembeni.

"Unasoma 20 unafunga" nayo ina maneno yake. Kwenye Java una setMaxRows, kwenye SQL Server ya zamani na Sybase kuna SET ROWCOUNT, la sivyo unasoma kwenye kitanzi unakatisha. Ila soma maelezo ya draiva yako (kiunganishi cha programu na databesi) kwanza, maana zipo zinazovuta matokeo yote kwenye memori kabla hujasoma hata moja, za Java za PostgreSQL na MySQL zenyewe ndo zinavyofanya usipoziambia vingine, sasa hapo kukatisha kitanzi hakukusaidii chochote.

Mwisho, lile ombi la "onyesha ukurasa 3 kati ya 412". Bishana nalo. COUNT(*) yenye vichujio kwenye tebo kubwa mara nyingi inachukua muda kuliko kuleta ukurasa wenyewe, na hakuna anayefika wa 412. Omba rekodi 21 onyesha 20, ile ya 21 ikiwepo weka kitufe cha mbele, isipokuwepo kifiche. Bosi akikomalia jumla, ihesabu mara moja mtu anapotafuta, itunze kwenye seshen yake, usirudie kila akibonyeza.