Anza na pembezoni mwa ramani

Kila kiangazi kikikaribia, vijana wa hapa Dar hunifuata wakitaka safari yao ya kwanza ya mlima nje ya nchi, na swali ni lile lile: ramani nzuri inapatikana wapi? Kwa wengine haina jasho. Norwe, Uswisi na Marekani, serikali zao zinatoa ramani za topografia bure mtandaoni. Ya Marekani ujue tu kwamba skeli ni 1:24,000 na kontua, yaani mistari ya mwinuko, huwa kwa futi. Uingereza, karatasi ya 1:25,000 inakuonyesha hadi mipaka ya mashamba.

Kazi iko huku kwetu. Nilipokwenda Mulanje, Malawi, nilichapisha karatasi ya 1:50,000 Kariakoo, nikaivisha plastiki, nikajiona mtaalamu. Siku ya pili ukungu ukatushukia. Nikasoma namba za GPS kwenye simu, nikazitafuta kwenye ramani: eti tuko ng'ambo ya mto. Mto wenyewe tulikuwa hatujauvuka! Mwenyeji wetu alikuwa anacheka kimya kimya.

Datamu ni msingi ambao namba za mahali hupimwa kutoka kwake, na simu huhesabu kwa ile ya WGS84. Ramani za zamani za Malawi ni Arc 1950, zetu za Tanzania ni Arc 1960. Ukichanganya unakosea karibu mita 300. Mjini hiyo ni kituo kimoja cha daladala. Kwenye genge la mlima lenye ukungu ni habari nyingine. Na maandishi yalikuwapo pembezoni mwa karatasi muda wote, herufi ndogo, sikuyasoma.

Siku hizi ndipo ninapoanzia: datamu gani, ramani ilichorwa kwa picha za anga za mwaka gani, kontua kila mita ngapi. Kama picha ni za miaka ya 1960, amini vilima na mabonde, usiamini njia, madaraja wala mpaka wa msitu. Programu za simu ni kinyume chake. Nyingi hutumia OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni, na njia zake huchorwa na watu wa kujitolea, kama vijana wa mradi wa Ramani Huria walivyochora mitaa ya Dar, kwa hiyo zinaweza kuwa za juzi. Ila kontua ambazo programu hizo huongeza mara nyingi zinatokana na rada ya chombo cha anga cha mwaka 2000, kipimo kimoja kila mita 30 hivi. Genge dogo linaweza lisionekane kabisa. Mimi hubeba zote mbili, ya karatasi na ya simu.

Kabla ya kukata tiketi, nendeni Pugu Jumamosi moja na karatasi ya zamani ya eneo hilo. Simameni reli inapokatana na barabara, someni GPS, wekeni alama, kisha pimeni tofauti. Rula ya shule inatosha: kwenye 1:50,000, mita 300 ni milimita 6.