Mashine ya kupanga daraja la tumbaku: nani ataipima?

SWALI: Mwangaluka, Mhandisi. Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku huku Urambo, mkoani Tabora. Kuna watu wametuletea mashine yenye kamera na mkono wa chuma. Robota (furushi la tumbaku) linapita kwenye mkanda, kamera inalitazama, daraja linatokea kwenye skrini, mkono unalisukumia upande wake. Wanasema inatumia akili mnemba na haiwezi kumpendelea mtu. Wanataka tusaini kabla ya masoko kufunguliwa. Mkutano mkuu umegawanyika. Vijana wanaitaka, wazee wanasema serikali ivipige marufuku vitu hivi kabla havijatutawala. Naomba kuuliza kitaalamu: watu wa kawaida kama sisi tunaweza kweli kuidhibiti mashine ambayo hata walioiunda wanakiri hawajui ndani yake inaamuaje? Na tukiikubali, tuanzie wapi?

JIBU: Mwangaluka, Katibu. Nianze na mzani wenu wa pale ghalani. Ndani yake mna nini, wewe hujui, na wanachama wako hawajui. Lakini mkulima anazikubali kilo zake, kwa sababu mtu wa Wakala wa Vipimo huja na mawe yake ambayo uzito wake unajulikana, anayapanga juu ya mzani, anasoma, na akiridhika anabandika stika. Mtu huyo hanunui tumbaku wala hauzi. Mkulima hakuhitaji kusoma fizikia ili mzani udhibitiwe.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, mnaweza, hata bila kujua inaamuaje. Sharti liwepo jiwe la kuipimia, na mwenye kulishika asiwe mnunuzi wala mwenye mashine. Shida iliyopo ni kwamba mashine yenu imekuja bila mawe. Hayo itabidi chama kijichongee.

Kwanza nieleze inavyofanya kazi, maana hapo ndipo wauzaji hupenda kuweka ukungu. Mashine hiyo haijui tumbaku. Imeonyeshwa maelfu ya picha, kila picha ikiwa imeandikwa daraja ambalo mteuzi (mtu wa kupanga madaraja) fulani alilitoa zamani, ikawa inajirekebisha kidogo kidogo mpaka majibu yake yakaribiane na ya mteuzi huyo. Robota jipya likipita, inatafuta linafanana zaidi na picha zipi. Basi. Kile kinachoonekana kwenye skrini kama daraja moja, ndani yake ni makadirio: pengine asilimia 52 daraja hili, asilimia 45 lile la chini yake. Wakulima wenu wanaona la kwanza tu. Dai namba zote mbili zionekane. Robota lenye makadirio yanayokaribiana hivyo ni robota la kutazamwa na mtu.

Sasa hili la “haiwezi kumpendelea mtu”. Haina shangazi, kweli. Haichukui soda ya mtu. Lakini kama mteuzi ambaye mashine ilijifunza kwake alikuwa na mazoea ya kushusha daraja la tumbaku ya wakulima wadogo, mashine imeyarithi mazoea hayo pamoja na kila kitu, na itayarudia bila kuchoka. Halafu uliza picha zilipigwa wapi. Tumbaku ya mvuke (inayokaushwa kwa joto ndani ya banda) iliyopigwa picha nchi nyingine, chini ya taa nyeupe, haiji machoni pa kamera sawa na tumbaku ya Urambo iliyotoka bani (banda la kukaushia) la kuni, ikapigwa na jua linaloingia kwenye mlango wa ghala saa nane mchana. Mteuzi wa kweli hutumia jicho, lakini pia hulifinya jani, hulinusa, husikia unyevu wake kwenye vidole. Kamera inatazama uso wa robota tu. (Na nyie wenyewe mnajua kinachoweza kufichwa katikati ya robota. Sisemi zaidi.)

Kuna mfano ninaoupenda kwa sababu waliofanya kazi hiyo hawakuruhusiwa kuona ndani ya programu yoyote. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu za kibiashara zilizodai kutambua jinsia ya mtu kwa kutazama picha ya uso. Jiwe lao la kupimia lilikuwa picha za wabunge 1,270 wa nchi sita, tatu zikiwa za Afrika: Rwanda, Senegal na Afrika Kusini. Kwa wanaume weupe, makosa hayakufika asilimia 1. Kwa wanawake weusi, programu iliyofanya vibaya zaidi ilikosea kwa asilimia 34.7. Kampuni husika zilizirekebisha programu zao baada ya matokeo kutangazwa. Watu wawili, rundo la picha zilizochaguliwa kwa akili, na ujasiri wa kutangaza walichokiona. Chama chenye wanachama mia kadhaa kinaweza kufanya kitu cha namna hiyo.

Nanyi mfanye hivi. Chagueni marobota 400 kutoka kwa wakulima wa aina zote, wakubwa na wadogo, wa bani jipya na la zamani. Wateuzi wawili wenye uzoefu wayapange madaraja kila mmoja kivyake, bila kuonana na bila kujua robota ni la nani. Kisha yapitishwe kwenye mashine asubuhi, na mchana yapitishwe tena. Kwa nini 400? Mkipima 100 na mashine ikakosea 10, ukweli unaweza kuwa popote kati ya makosa 4 na 16 kwa mia. Mkipima 400 ikakosea 40, wigo unabana, mnabaki kati ya 7 na 13 hivi. Chini ya hapo mtakuwa mnabishana na bahati.

Matokeo yakitoka, msikimbilie kuuliza imekosea mara ngapi. Angalieni kwanza wateuzi wawili wamepishana mara ngapi, maana binadamu nao hupishana, na si haki kuitaka mashine iwe bora kuliko watu wawili waliokubaliana kutokubaliana. Baada ya hapo angalieni makosa yameelekea wapi. Makosa 40 yakiwa 20 ya kupandisha na 20 ya kushusha, hiyo ni mashine inayobabaika. Yakiwa 36 ya kushusha na 4 ya kupandisha, hiyo ni mashine inayomnyonya mkulima, hata kama tangazo lake linasema usahihi ni asilimia 90, na tangazo halitakuwa limesema uongo. Tenganisheni pia makosa ya wakulima wadogo na ya wakubwa. Mwisho, hesabuni marobota yaliyopewa daraja moja asubuhi na jingine mchana. Hilo pekee litawaambia mengi kuhusu mlango wa ghala lenu.

Hapa mfano wa mzani unaanza kunikimbia, na ni vizuri niseme. Mzani haujifunzi. Ukishabandikwa stika Juni, Julai ni uleule. Mashine hii imeunganishwa na intaneti, na mwenye nayo anaweza kuibadilishia programu usiku akiwa mbali, nyie mkiwa mmelala, asubuhi mkakuta kitu kingine ndani ya kasha lilelile. Ningekuwa wewe, kifungu hiki ndicho ningekipigania kuliko vyote: namba ya toleo la programu iandikwe kwenye mkataba, ionekane kwenye skrini na kwenye kila risiti, na toleo lisibadilishwe katikati ya masoko bila idhini ya maandishi ya chama na kipimo kipya. Picha ya kila robota na makadirio yake vihifadhiwe, nakala ikae kwenu. Bila kumbukumbu hiyo, mkulima akilalamika Septemba hamtakuwa na cha kumwonyesha.

Watakuambia, usijali, kutakuwa na mtu pembeni wa kuthibitisha. Sawa, lakini uliza mtu huyo anapewa sekunde ngapi kwa robota, na akiikatalia mashine mara nyingi bosi wake anamwambiaje. Machi 2018, mjini Tempe huko Arizona, Marekani, gari la majaribio la Uber lililokuwa likijiendesha lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara akisukuma baiskeli. Wachunguzi walikuta kwamba vihisio vilimwona sekunde 5.6 kabla. Programu ikawa inambadilishia jina: gari, kitu kingine, baiskeli. Na kwenye usukani alikuwepo mtu, ameajiriwa kwa kazi hiyo moja ya kuingilia kati. Alikuwa anaangalia simu. Sishangai, mtu ukimkalisha mbele ya mashine inayopatia mara nyingi, macho yatalala tu. Thibitisho lenye maana kwenu ni rufaa: mkulima akikataa daraja, robota linawekwa kando, linapangwa upya na mteuzi ambaye hajaona jibu la mashine, na gharama anaibeba mwenye mashine pale ilipokosea.

Sheria je? Ipo ya kuanzia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na inagusa pia maamuzi yanayofanywa na mitambo peke yake: mtu ana haki ya kutaka uamuzi unaomuathiri usiachiwe mashine tu. Daraja la robota, likisimama lenyewe, ni habari ya majani. Lakini likiunganishwa na namba ya mkulima, kisha likatumika kuamua nani apewe mkopo wa pembejeo msimu ujao, tayari ni habari ya mtu. Uliza moja kwa moja kama kampuni inakusudia kuzitumia takwimu hizo kwa mikopo, au kumuuzia anayekopesha. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya akili mnemba, iliyopata nguvu ya kisheria Agosti 2024 na kutekelezwa kwa awamu, imepanga matumizi kwa ngazi za hatari, na kumpima mtu kama anakopesheka kumewekwa kwenye hatari kubwa. Wamefanya vizuri. Uholanzi walijifunza kwa maumivu: mamlaka ya kodi ilitumia programu kukisia ni familia zipi huenda zinadanganya kwenye posho ya malezi ya watoto, na uraia ukawa miongoni mwa vigezo. Maelfu ya familia zilidaiwa fedha ambazo hazikuwa na uwezo wa kuzirudisha. Januari 2021 serikali nzima ikajiuzulu.

Ila usiitegemee sheria peke yake. Lumbesa, yaani kujaza gunia kupita kipimo, ni kosa kisheria, na nina hakika wiki hii umeona gunia la lumbesa likipakiwa.

Wazee wenu usiwacheke. Geoffrey Hinton, mmoja wa waliozijengea msingi mashine hizi na aliyepata Nobel ya fizikia mwaka 2024, aliondoka Google mwaka 2023 ili aseme kwa uhuru kwamba anaogopa zinakoelekea. Hofu yake ni ya mifumo inayozidi kuwa na uwezo mpana na kupewa mamlaka ya kutenda, na hiyo haidhibitiwi na chama cha msingi. Inataka serikali zikubaliane. Kuna mambo nami naona yapigwe marufuku moja kwa moja, silaha inayoamua yenyewe nani afe ikiwa ya kwanza. Lakini kamera ya kutazama majani haimo humo. Kinachoweza kuwaumiza Urambo ni kidogo na cha karibu: daraja moja chini, kila robota, kila msimu.

Mkono wa chuma ni jambo jepesi kuliko yote. Uwekewe uzio, kitufe chekundu cha kuusimamisha kiwe mahali ambapo mtoto wa miaka kumi angekifikia, na watu wa OSHA (wakala wa usalama na afya kazini) wauone kabla haujawashwa. Umeme ukikatika na kurudi, mkono usianze wenyewe. Lijaribuni hilo mbele ya muuzaji. (Nasikia vijana wameshauita “roboti wa marobota”. Jina zuri.)

Kuhusu wateuzi na wabebaji watakaokosa kazi, hukuuliza, lakini itaulizwa mkutanoni. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na kazi ya upagazi iliyowalisha Wanyamwezi vizazi kadhaa ikaisha bila mpagazi yeyote kuulizwa. Nyie mmeulizwa. Andikeni kwenye mkataba kwamba wateuzi wa rufaa na wakaguzi wa mashine watoke miongoni mwa walewale. Hawatatosha wote, na nisingewaambia kwamba watatosha.

Mwisho, mawe yenyewe. Jiwe la mzani halinyauki, tumbaku inanyauka, inakauka, inabadilika rangi. Msitegemee kwamba marobota ya mwaka huu yatawapimia mwakani. Kila msimu uwe na mawe yake. Tengeni marobota 40 kati ya yale 400, ambayo wateuzi wote wawili walikubaliana daraja. Yafungeni kwenye nailoni nyeusi, chumba chake kisiingie jua, na kila Jumatatu ya masoko myapitishe kwenye mashine kabla ya mkulima wa kwanza. Yakitoka tofauti na wiki iliyopita, soko linasimama hadi sababu ijulikane. Kufuli ya chumba iwe na funguo mbili: mmoja ukae kwako, mwingine kwa mwenyekiti wa kamati ya usimamizi. Kampuni ikiomba wa tatu, kataa.