Wasomaji Wanauliza: Gavana Schnee Aliishia Wapi?

Swali: Shuleni tulifundishwa kwamba Heinrich Schnee alikuwa gavana wa mwisho wa Wajerumani katika nchi yetu. Je, baada ya hapo alifanya nini, na ni kweli kwamba alikuwa mbunge enzi za Hitler? (Msomaji, Tabora)

Jibu: Ni kweli. Schnee, aliyezaliwa mwaka 1871 na kushika ugavana Dar es Salaam mwaka 1912, alirejea kwao baada ya vita akiwa gavana asiye na koloni, kwa kuwa Mkataba wa Versailles uliinyang'anya Ujerumani makoloni yake yote, na washindi walidai kwamba haikustahili kutawala wenyeji. Dai hilo lilimchoma. Mwaka 1924 alichapisha kitabu cha kulikanusha, ilhali hata miaka 20 haijatimia tangu Vita vya Maji Maji, na mwaka huohuo akaingia katika bunge, yaani Reichstag, kwa tiketi ya chama cha kiliberali kilichoungwa mkono na wenye viwanda. Mwaka 1930 akawa rais wa Jumuiya ya Ukoloni ya Ujerumani.

Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933 na vyama vingine kufutwa, Schnee aliingia tena bungeni kwa orodha ya Wanazi, akabaki humo hadi 1945. Naamini kilichomvuta zaidi ni tumaini la kurudishiwa makoloni. Lakini macho ya Hitler yalikuwa kwenye ardhi ya Ulaya Mashariki, na mwaka 1936 jumuiya ya Schnee ilivunjwa ili nafasi yake ichukuliwe na umoja mmoja wa kikoloni chini ya Franz Ritter von Epp, mfuasi wa Hitler wa siku nyingi.

Huenda ukasema kwamba mbunge wa namna hiyo hakuwa na sauti, na ni kweli kwamba Reichstag iliitwa mara chache tu, hasa kusikiliza hotuba na kuunga mkono. Hata hivyo, ni bunge hilohilo, likiwa limeitishwa Nuremberg Septemba 1935, lililopitisha sheria za kuwavua Wayahudi haki za uraia na kuwakataza kuoana na Wajerumani wengine. Ndiyo maana siwezi kumwita mtazamaji tu. Jina la gavana wa zamani liliwafaa Wanazi, naye hakuliondoa kwenye orodha yao, hata walipokwisha kuivunja jumuiya aliyoiongoza. Alifariki Berlin mwaka 1949.