Kuuza chakula kilichopikwa nyumbani: mambo ambayo mkaguzi huyatazama kwanza

Umeuliza kama mtu anayewapikia majirani na wafanyakazi wenzake kwa malipo, katika jiko lile lile analopikia familia yake, anahitaji kibali tangu mwanzo au anaweza kusubiri mpaka biashara ikue. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka sita, na mwaka wa kwanza niliifanya bila kibali, nikidhani kwamba udogo wa biashara ulikuwa kinga. Haukuwa kinga. Katika nchi nyingi, kinachomfanya mtu ahesabiwe kuwa mfanyabiashara wa chakula ni kule kuwauzia watu chakula mara kwa mara na kwa utaratibu, hata kama ni sahani kumi kwa wiki. Uingereza, kwa mfano, humtaka hata anayepikia nyumbani ajisajili kwa mamlaka ya eneo lake siku 28 kabla ya kuanza kuuza, na usajili huo haulipiwi.

Nilipokwenda kuomba kibali nilibeba chakula kwenye bakuli ili afisa wa afya aonje. Hakufunua hata kifuniko. Aliniuliza ninapika nini, kinakaa muda gani kabla ya kuliwa na kinasafirishwaje, kwa sababu masharti hutegemea hatari ya chakula chenyewe. Vyakula vikavu, kama mkate na biskuti, na vile vyenye sukari au asidi nyingi, kama jamu, havivipi vijidudu nafasi ya kuzaliana kwa urahisi; nyama, samaki, maziwa na nafaka zilizopikwa huvipa nafasi hiyo. Ndiyo maana majimbo mengi ya Marekani humruhusu mtu kuuza vitu vya kundi la kwanza kutoka nyumbani kwa masharti mepesi, lakini humzuia kuuza mlo unaohitaji jokofu, ingawa California ilipitisha sheria mwaka 2018 inayoruhusu milo kamili ya nyumbani pale ambapo serikali ya kaunti imekubali. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kibali kinagharimu kiasi gani, andika orodha ya vyakula vyako, kwani chakula kimoja tu cha kundi la pili kinaweza kukuhamishia kwenye masharti mazito zaidi.

Ukaguzi wa kwanza sikuupita, na nakiri kwamba mkaguzi alikuwa na haki. Nyama mbichi ilikuwa rafu ya juu ya jokofu, juu ya chakula kilichoiva. Sikuwa na mahali pa kunawia mikono pasipokuwa sinki la vyombo. Na sikuwa na kipimajoto. Hayo yalirekebishika kwa siku chache. Lililonichukua muda ni namna ya kupoza chakula. Nilikuwa nikipika usiku na kuliacha sufuria kubwa mezani mpaka asubuhi, nikiamini kwamba kukichemsha upya kungemaliza kila kitu. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba chakula kiive mpaka kifike nyuzi 70 za Selsiasi ndani, kinachosubiri kuliwa kikiwa moto kikae juu ya nyuzi 60, kilichopikwa kisikae kwenye joto la chumbani zaidi ya saa mbili, na kwenye jokofu kiwe chini ya nyuzi 5. Sababu ni kwamba baadhi ya bakteria huacha mbegu zinazostahimili kuchemshwa. Chakula kikipoa polepole mbegu hizo huchipua, bakteria huongezeka, na wengine hutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Sasa nagawa chakula katika trei zenye kina kifupi mara tu kinapoiva, na naandika saa na joto kwenye daftari. Daftari hilo ndilo linaloombwa kila ukaguzi, kwani mkaguzi hakuwapo usiku nilipopika.

Kuhusu lebo, usidhani ni jina la biashara na picha nzuri. Umoja wa Ulaya unataka viambato 14 vinavyosababisha mzio vitajwe bayana, na Marekani inataka 9, baada ya ufuta kuongezwa kuanzia mwaka 2023. Mteja aliwahi kuniuliza kama kulikuwa na ufuta katika chakula chake, nikashindwa kumjibu, kwa kuwa wiki hiyo nilikuwa nimebadilisha viungo vya kusaga na pakiti nilishaitupa. Nilimrudishia fedha zake, na tangu siku hiyo hakuna pakiti inayotupwa kabla chakula chake hakijaisha.

Mwenye nyumba pia anahusika, kama umepanga: mikataba mingi ya upangaji hukataza biashara ndani ya makazi, na bima ya kawaida ya nyumba mara nyingi haigusi madhara ya chakula ulichouza. Omba idhini yake kwa maandishi.

Nenda kwa afisa wa afya na orodha yako na mchoro wa jiko kabla hujanunua kifaa chochote. Mimi nilitanguliza kununua jokofu la pili, kisha nikaelekezwa nilihamishie kwenye chumba ambacho mlango wake ulikuwa mwembamba kuliko jokofu lenyewe, nikaliuza kwa hasara.