Kwa mnaoanza kukusanya historia za uhamaji Mwanza

Wadogo zangu, dodoso mlilopewa lina swali "Kwa nini ulihama?" Liulizeni, maana mmeagizwa, lakini lisiwe la kwanza. Mtu atakujibu "maisha magumu", na atakuwa amesema kweli, ila maisha yalikuwa magumu pia kwa kaka yake aliyebaki. Anza na haya: Nani alikutangulia? Ulifikia kwa nani? Nauli alikupa nani? Kila nilipokaa kusikiliza, Kirumba, Igoma au visiwani, alijitokeza shangazi mwenye chumba au jirani wa kijijini aliyekwisha kupata mtumbwi. Bila huyo, wengi wangeendelea kutamani tu.

Someni habari za Ukara, kisiwa cha Ziwa Victoria, kabla hamjavuka kwenda huko. Kisiwa ni kidogo, watu ni wengi tangu zamani. Wakara waliamua kuibana ardhi: ng'ombe wanafungwa ndani, wanakatiwa majani, na samadi yao inarudishwa shambani ili shamba lilelile lizae mwaka hadi mwaka. Pamoja na ufundi huo, wengine walihamia Ukerewe na bara. Shida ni moja, walioondoka na waliobaki ni wa ukoo mmoja. Kwa hiyo ukiandika "uhaba wa ardhi" na kuishia hapo, kazi hujaimaliza.

Kwa wafugaji wa Kisukuma, uliza habari za mifugo kabla ya ekari. Fedha ya pamba ilinunua ng'ombe, ng'ombe wakazidi malisho. Baada ya Vita Kuu ya Pili familia nyingi zilielekea Geita, ambako mapori ya mbung'o yalikuwa yakifyekwa. Baadaye wengine wakashuka na makundi yao hadi Rukwa, Usangu na Kilombero. Huko walikutana na wakulima, migogoro ikazuka, na mwaka 2006 serikali ilianza kuwaondoa wafugaji Ihefu, ardhi oevu iliyoko Usangu. Sikilizeni pande zote mbili kwa heshima ileile. Tena msidhani mwendo huu ni wa juzi: katika karne ya 19 Wasukuma na Wanyamwezi walikwenda pwani kwa miguu wakiwa wapagazi, miaka mingi kabla reli haijafika Mwanza mwaka 1928.

Mialoni, yaani ufukweni wavuvi wanakoshusha samaki, kuna jambo la ratiba ambalo dodoso halisemi. Wavuvi wa dagaa hutumia taa, kwa hiyo hufanya kazi usiku wa giza. Nenda wakati wa mbalamwezi, ndipo wanapumzika na wana nafasi ya kuzungumza. Ukienda siku za giza utamkuta mtu aliyekesha ziwani, na si haki kumtoa usingizini kwa ajili ya maswali yako. Msiishie kwa wavuvi. Sangara alipandikizwa ziwani enzi za Waingereza, akazaana kwa wingi miaka ya 1980, kisha viwanda vya minofu vikaja. Soko hilo liliwavuta pia mafundi mitumbwi, mama lishe, wauza barafu na waanika dagaa. Mama lishe na wanawake wanaoanika dagaa ndio wanaojua nani kaja, katoka wapi, na nani kahamia kisiwa kingine kufuata samaki. Waamkie vizuri, nunua chai, subiri wateja wapungue.

Muulize pia mzee angependa kuzikwa wapi. Nimeona mtu aliyejenga Mwanza na kusomesha watoto hapahapa, lakini akataja kijiji cha baba yake bila kusita. Mwingine akaonyesha kaburi la mkewe nyuma ya nyumba. Jibu hilo linaeleza makazi kuliko kisanduku cha "mkazi wa kudumu".

Kuhusu miaka, msimlazimishe mtu kutaja tarakimu. Uliza alikuwa wapi wakati wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kuzama kwa MV Bukoba Mei 1996, au mvua za El Nino zilizofuata mwaka 1997. Andika tukio kama alivyolitaja, kisha weka mwaka pembeni kwa penseli, maana mkewe au jirani akija kuketi nanyi huenda akamsahihisha.