Anasoma bila kukwama, ufahamu anafeli: nimlipie kozi ya mbinu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Binti yangu yuko darasa la tano hapa Dodoma. Anasoma kwa ufasaha, lakini maswali ya ufahamu anapata mawili kati ya matano. Mwalimu wa tuisheni anasema anahitaji kozi ya "mbinu za ufahamu" ya miezi mitatu. Nilipe?

JIBU: Marahaba, mama. Usilipe.

Kila shule zikifungwa naletewa swali hili, na kila mara pembeni yupo mtu anayeuza dawa. Kinachonikera ni imani kwamba ufahamu ni ujuzi mmoja, ukinolewa kwa vifungu mia mtoto ataelewa kifungu chochote.

Mpe binti yako sentensi hii: "Upepo wa kusi ulipoanza, wavuvi wengi walipandisha ngalawa zao ufukweni, na bei ya changu ikapaa." Ataisoma vizuri tu. Sasa muulize kwa nini bei ilipanda. Sentensi haisemi! Mtoto wa Bagamoyo anajua kusi huchafua bahari, vyombo vidogo havitoki, samaki wanaadimika. Anaziba pengo mwenyewe bila hata kujua kwamba ameziba. Wako wa bara hana cha kuzibia, halafu anaambiwa "tafuta wazo kuu". Alitafute wapi? Leta kifungu cha kilimo cha zabibu, zao la kwenu Dodoma, uone nani atakodoa macho.

Hili lilishapimwa. Mwaka 1988 watafiti wawili wa Marekani, Recht na Leslie, walichapisha matokeo ya wanafunzi 64 wa darasa la saba na la nane waliosoma habari za mechi ya besiboli, kisha wakaionyesha kwa vinyago juu ya kiwanja cha mfano. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo waliwapita wasomaji hodari wasioujua.

Mbinu za kweli zipo, kama kujiuliza maswali na kufupisha kwa maneno yako. Ni kazi ya vipindi vichache, na mwalimu wake wa darasani anaiweza. Miezi mitatu ni biashara, sawa na ya wale wanaouza kozi za "kusoma kwa kasi".

Hiyo ada nunulia vitabu. Chagueni mada moja, tuseme bahari, mkae nayo wiki mbili au tatu. Msomee na vile vinavyomzidi, mvizungumzie mkiwa jikoni.

Shule nazo zinanitia hofu zaidi ya huyo wa tuisheni. Mtihani ukikaribia, vipindi vya sayansi na maarifa ya jamii vinamegwa ili watoto wafanye mazoezi ya ufahamu. Ni kumnyima mtoto chakula ili apate muda wa kujifunza kutafuna. Mwakani alama zikishuka, wanamega tena.

Ukiitwa kulipia kozi yoyote, uliza watoto watasoma kuhusu nini wiki hii, na nini wiki ijayo. Ukijibiwa "vifungu mchanganyiko", ondoka na pesa yako.