Ngozi haina kopo lake la rangi

Mleta uzi, umeuliza uchanganye rangi gani ili ngozi kwenye picha zako isitoke kama plastiki. Nachora sura za watu kwa rangi za mafuta, na swali hilo lilinisumbua miaka mingi. Nilikuwa nakoroga kahawia moja nzuri, napaka uso mzima, kisha naongeza nyeusi kwenye vivuli na nyeupe panapong'aa. Uso unatoka kama kinyago kilichopigwa vanishi.

Kilichonifungua macho ni mkono wangu. Nina mbalanga, yaani vitiligo, hali inayoifanya ngozi ipoteze rangi yake. Ilianza kama doa dogo nyuma ya kiganja, ikasambaa hadi vidoleni. Mwanzoni niliuficha mkono mfukoni, sitaki hata kuutazama. Siku moja nikauweka dirishani, nikaukagua kama ninavyomkagua mtu ninayemchora. Pale palipopoteza rangi hapakuwa peupe hata kidogo. Vifundo vilikuwa na wekundu, kando yake umanjano, na mishipa ilionekana ya kijani inayoelekea buluu, ilhali damu iliyomo ni nyekundu. Mwanga unazama ndani ya ngozi, mwingine unamezwa, mwingine unatawanyika na kurudi. Huo uliorudi ndio tunaouona.

Ndipo nikawaelewa wachoraji wa Italia wa karne ya 14, waliopaka uso kijani kwanza, halafu juu yake tabaka nyembamba za waridi. Kwenye baadhi ya kazi zao waridi limefifia, na leo Bikira Maria ana uso wa kijani. Ukiiona picha ya namna hiyo, isogelee: unatazama chini ya ngozi.

Baadaye nikaanzishiwa tiba ya mwanga. Miezi ikapita, kisha rangi ikarudi kwa vitone vya kahawia, na katikati ya kila kitone umesimama unywele mmoja. Chembe zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi, zilikuwa zimejificha kwenye mashina ya nywele, zikapanda kutoka huko. Kila asubuhi nilikuwa navihesabu. Kwenye ncha za vidole, pasipo na nywele, hakijarudi kitu mpaka leo.

Idadi ya chembe hizo inakaribiana kwa binadamu wote, weusi kwa weupe. Kinachotofautiana ni vifuko vya melanini: ukubwa wake, wingi wake na jinsi vinavyotawanyika. Ndiyo maana inaniuma kukumbuka kwamba hadi 1962 Crayola waliuza krayoni ya waridi iliyopauka wakaiita rangi ya mwili. Mwili wa nani?

Kama unachora ngozi nyeusi, zitazame kazi za Kerry James Marshall wa Marekani. Watu wake ni weusi tii na bado wana uhai, kwa sababu anatumia nyeusi za aina mbalimbali na kuzichanganya na rangi nyingine, moja inaegemea buluu, nyingine kahawia. Na nyeupe tupu usiiguse panapong'aa. Mng'ao ule ni wa anga au wa taa iliyo karibu, basi upe rangi ya hiyo anga au hiyo taa.

Kabla ya uso mwingine, chora mgongo wa mkono wako. Anza na kijani hafifu, acha ikauke kabisa hata kama ni siku kadhaa, ndipo uweke tabaka linalofuata, jembamba kiasi cha kuona la chini. Ukimaliza iweke hapa tuione, hata kama imeharibika.